Anapoacha au Kugeuza Mabadiliko ya Jinsia: Namna ya Kumsaidia

Mtu akikwambia anaacha, usikimbilie "kwa nini". Muulize nini kinabadilika na nini kinabaki. Yupo anayeacha homoni lakini jina analishikilia; yupo anayerudia jina la zamani huku homoni zikiendelea. Aliyeacha kwa kukosa fedha au kwa shinikizo la ndugu huenda akaanza tena, na aliyejielewa upya huenda asirudi. Si wote wanaojuta, kwa hiyo pole yako isubiri.

Kuhusu kumwita, "yeye" haina jinsia, na hilo linatupunguzia kazi. Mtego uko kwenye kaka, dada, shangazi, mjomba, Bwana na Bi. Muulize anataka lipi, na mbele ya nani, maana kazini huenda bado hawajui.

Kabla dozi haijasimama, daktari ajue kama korodani au ovari bado zipo. Zikiwepo, mwili kwa kawaida huanza tena kutengeneza homoni zake, lakini huchukua wiki au miezi. Zikiwa zimeondolewa, akiacha kila kitu atapata joto la ghafla, uchovu na usingizi wa kukatika, na mifupa itadhoofika kimyakimya mpaka siku mfupa mmoja uvunjike. Huyu hubadilishiwa aina ya homoni, haachwi bila homoni yoyote. Anayemeza siproteroni, dawa ya kuzuia homoni za kiume, naye asiikate ghafla bila daktari, kwa sababu inaweza kuwa imezilaza tezi zilizo juu ya figo.

Sindano za muda mrefu huwachanganya wengi. Ile ya testosteroni, homoni ya kiume, inayochomwa kila wiki 10 hadi 14 huendelea kufanya kazi muda mrefu baada ya uamuzi, na damu ikipimwa mapema majibu yatakuwa ya dawa, si ya mwili.

Kosa baya kuliko yote ni kungoja hedhi ndipo mtu afikirie mimba. Yai hutoka kabla ya hedhi ya kwanza, na testosteroni yenyewe haikuwa kinga hata ilipokuwa ikitumika. Kwa upande wa mbegu za kiume baada ya estrojeni, homoni ya kike, huenda zikarudi au zisirudi, zipimwe.

Usimfiche kisichorudi. Sauti iliyoshuka haipandi yenyewe, ndevu hubaki, na matiti yaliyoota hayayeyuki, huondolewa kwa upasuaji. Mafuta ya mwili na misuli ndivyo huhama tena, polepole.

Kwa sauti, atafute mtaalamu wa tiba ya usemi. Wengi hukaza koo ili sauti ipande, wakaishia na ukavu na maumivu. Zoezi la mwanzo ni kuvuma "mmm" midomo ikiwa imefungwa, mtetemo ukisikika puani na midomoni badala ya kifuani. Dakika chache mara kadhaa kwa siku hushinda saa nzima ya Jumamosi.

Kwa ndevu, leza hufuata rangi nyeusi ya unywele, hivyo mvi na nywele za rangi hafifu huziruka. Hizo ni kazi ya elektrolisisi, yaani kuchoma shina la kila unywele kwa umeme. Kabla ya leza anyoe, asing'oe: shina likiondoka, mwanga hauna cha kushika.

Mwisho, msaidie kuandika orodha ya viungo alivyonavyo sasa, iwekwe kwenye faili lake la matibabu. Tezi dume kwa kawaida hubaki hata baada ya upasuaji wa sehemu za siri, na shingo ya kizazi ikiwepo inahitaji kupimwa saratani, herufi yoyote ya jinsia iliyo kwenye kitambulisho.