Kabla ya Kushuka Mwalo wa Kibirizi, Kigoma, na Dodoso

Kipindupindu kikizuka kando ya Ziwa Tanganyika, kama ilivyotokea kijiji cha Kagunga, mkoani Kigoma, Mei 2015 wakimbizi kutoka Burundi walipofurika pale, hakuna muda wa kungoja kuona nani ataugua. Unawachukua walioharisha, unatafuta wasioharisha wa kuwalinganisha nao, kisha unawauliza wote walikula na kunywa nini siku za nyuma, ili ujue ugonjwa umetokana na nini. Utafiti wa namna hii ni wa haraka na gharama yake ni ndogo, lakini ukikosewa mwanzoni hakuna kompyuta itakayouokoa.

Kwanza andika mgonjwa wako ni nani: umri, kijiji, tarehe, kuharisha maji mara ngapi kwa siku, na kama kipimo cha maabara ni lazima. Kila msaidizi akiachiwa aamue kwa macho yake, kipindupindu kitachanganywa na tumbo la maembe mabichi.

Kazi kubwa ni kuwapata walinganishwa, yaani hao wasioharisha. Kwa kila mmoja jiulize: huyu angeugua, angeingia kwenye orodha yangu ya wagonjwa? Kama asingeingia, mwache. Ukiokota watu waliolazwa kwa homa ya matumbo, huenda nao wamekunywa maji machafu yale yale, na tofauti unayoitafuta itapotea. Mwaka 1981 Brian MacMahon na wenzake wa Harvard walitangaza kwamba kahawa ina uhusiano na saratani ya kongosho. Walinganishwa wao wengi walikuwa na maradhi ya tumbo, watu ambao huenda walishapunguza kahawa kwa sababu ya maradhi hayo. Kahawa ikabeba lawama ambayo tafiti za baadaye hazikuithibitisha.

Jirani anapatikana kirahisi, ila anachota mwalo mmoja na mgonjwa. Ukichunguza chanzo cha maji, atakuficha jibu. Ukichunguza kuchemsha na kuhifadhi, anafaa sana. Na kwa kuwa wengi wanaoambukizwa hawaonyeshi dalili kali, aliyeharisha hata kidogo wiki ile asiwe mlinganishwa. Wawili hadi wanne kwa kila mgonjwa wanatosha. Ukizidisha hapo unamaliza mafuta ya pikipiki bure.

Dalili huanza kati ya saa chache na siku tano baada ya kuambukizwa. Basi ulizia siku tano kabla mgonjwa hajaanza kuharisha, na mlinganishwa wake aulizwe tarehe zizo hizo, si siku tano kabla ya wewe kupiga hodi. Mgonjwa aliyelala na dripu ameshawaza usiku kucha alikula nini. Jirani hakumbuki hata mboga ya juzi. Swali la “Mnachemsha maji?” lifute, maana kila nyumba itajibu ndiyo. Uliza maji ya Jumanne yalichotwa wapi, kisha omba kuonyeshwa ndoo: ina mfuniko? Anayechota kwa kikombe anachovya na vidole? Maswali yajaribiwe kwa Kiha pia. Vibali vianze mapema, hadi kwa mtendaji wa kijiji.

Jedwali la matokeo liandae likiwa bado tupu. Tuseme kati ya wagonjwa 50, 30 walikunywa maji ya ziwa bila kuyachemsha, na kati ya walinganishwa 100 walikuwa 30 vilevile. Gawanya 30 kwa 20, kisha 30 kwa 70. Jibu la kwanza ni mara 3.5 ya la pili; lingekuwa mara 1, pasingekuwa na tofauti kati ya makundi mawili. Usije ukaandika kwamba asilimia 60 ya wanaokunywa maji ya ziwa wataugua. Idadi ya wagonjwa na wasiougua uliipanga mwenyewe, kwa hiyo utafiti huu hauwezi kukwambia ugonjwa umeenea kiasi gani kijijini. Tazama pia makadirio ya hiyo 3.5 yanaanzia wapi na kuishia wapi. Kama 1 imo kati ya mwanzo na mwisho huo, hujapata ushahidi wa kutosha. Na wavuvi, ambao hunywa maji ya ziwa na pia kula vyakula vya mwaloni, wapigie hesabu yao peke yao uone kama 3.5 inabaki palepale.