Namna ya Kuunganisha Jiokemia ya Uso wa Ardhi na Upimaji wa Mitetemo katika Kutafuta Mafuta

Upimaji wa mitetemo, yaani kutuma mawimbi ardhini na kunasa yanayorudi, huonyesha umbo la miamba iliyo chini: mikunjo, mipasuko na matabaka yanayoweza kuwa mtego wa mafuta, lakini mara nyingi hauthibitishi kama mtego huo una kitu ndani. Jiokemia ya uso wa ardhi, yaani upimaji wa kemikali zilizo katika udongo, hunasa haidrokaboni (kemikali zinazounda mafuta na gesi) zilizovuja hadi juu, ila haisemi zimetoka kina gani wala upande upi.

Anza na mistari ya mitetemo iliyopo (njia ambazo mitetemo ilipimwa), hata kama ni michache na ya zamani. Weka kwenye ramani mitego yote inayodhaniwa kuwapo, pamoja na mahali ambapo mipasuko inakaribia uso. Ndipo upange vituo vya sampuli: vikaribiane juu ya mtego na kandokando ya mipasuko, kisha viendelee hadi mbali nje yake, kwenye ardhi ambayo hutarajii kupata chochote. Vituo hivi vya nje hupunguzwa kirahisi ili kuokoa fedha, nalo ni kosa kubwa, kwa kuwa pasipo kujua kiwango cha kawaida cha gesi katika udongo wa eneo hilo, hakuna ongezeko la kuzungumzia.

Nchi kavu, chimba kwa kekee hadi kina cha takriban mita 1 au zaidi. Udongo ukitoka tu, uingie katika chombo kisichopitisha hewa, kifungwe, na ziandikwe namba, kina, saa na aina ya udongo. Maelezo hayo yasipuuzwe: mfinyanzi hushika gesi kuliko mchanga, na asiyeyaandika anaweza kuchora ramani ya udongo akidhani amechora ramani ya mafuta.

Maabara ikileta majibu, usitegemee methani peke yake, maana bakteria wa kwenye matope pia huizalisha. Tazama ethani na propani, gesi ambazo bakteria huzalisha kidogo sana. Kiasi cha methani kikiwa zaidi ya mara 1,000 ya jumla ya hizo mbili, chanzo huelekea kuwa bakteria. Kikiwa chini ya mara 100, huelekea kuwa miamba iliyopikwa na joto la chini ya ardhi. Isotopu za kaboni, yaani aina za atomi za kaboni zenye uzito tofauti, husaidia kuamua pale uwiano unapoacha shaka.

Hatua ya kuunganisha ndiyo inayohitaji subira. Tuseme ongezeko la ethani limeonekana kilomita 2 kutoka kilele cha mkunjo. Mtu mwenye haraka atasema njia mbili zimepingana. Rudi kwenye picha ya mitetemo, ufuatilie mpasuko kutoka ubavuni mwa mtego kwenda juu, na utafute nguzo wima ambamo mistari ya matabaka imefifia na kukatika, dalili ya gesi inayopanda. Mpasuko ukitokea palipo na ongezeko, basi vipimo hivyo viwili vinaeleza uvujaji mmoja. Jihadhari pia na sehemu zinazong'aa katika picha, kwani gesi kidogo tu, isiyo na faida, hutosha kuzing'arisha.

Mtego usio na ongezeko juu yake ushushwe daraja bila kufutwa, kwa sababu chumvi au mfinyanzi mzito huweza kuzuia uvujaji. Penye ongezeko la kuaminika pasipo mtego unaoonekana, usichoronge kisima. Ongeza kwanza mistari ya mitetemo hapo, ikikatiza mipasuko badala ya kwenda sambamba nayo.