Jinsi ya kumsikiliza Philip Glass ukiwa Tanga: anza na meza, njoo kwenye filamu, malizia na fidla

Watu wengi wakimsikiliza Philip Glass mara ya kwanza wanazima dakika ya tatu, wanasema mbona kitu ni kilekile, wimbo wenyewe unaanza lini. Nawaelewa. Ila mtu wa Tanga aliyekua anasikia tarabu mtaani sioni kwa nini imshinde, maana sisi masikio tunayo tayari, tumezoea gitaa la besi linazunguka palepale muda wote na hakuna anayelalamika kwa sababu kila mtu anafuata kinachopita juu yake. Kwa Glass ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba mara nyingi hakuna mwimbaji wa kukushika mkono, ndo maana lazima ujue masikio uyaweke wapi.

Kwanza mtu mwenyewe, kwa ufupi. Mtunzi wa muziki, Mmarekani, kazaliwa Baltimore 1937, baba yake alikuwa na duka la santuri. Miaka ya 60 alikuwa Paris anafundishwa na Nadia Boulanger, na hukohuko akapata kazi ya kuuandika kwa noti muziki wa filamu wa Ravi Shankar, mpiga sitar maarufu wa India, ili wapigaji wa pale waweze kuusoma. Msisitizo ukawa unakaa pasipotakiwa, na mpiga tabla Alla Rakha akawa anamwambia noti zote ziko sawa, mpaka Glass akaifuta ile mistari inayokatakata muziki vipande, hapo ndo akaona mdundo unaweza kujengwa kwa kuongeza kipande kidogo juu ya kipande kidogo. Sisi tuliokulia filamu za Kihindi hiyo tabla tunaijua, kwa hiyo hata mlango aliopitia yeye si mgeni kwetu.

Sasa kabla hujafungua simu, kaa mezani. Nasema kweli kabisa. Mwaka 1968 Glass aliandika kitu kinaitwa 1 + 1, mpigaji ni mmoja na chombo chake ni meza iliyowekewa kipaza sauti, basi. Kuna vipande viwili tu: cha kwanza ni "taka-ta", cha pili ni "ta". Gonga kwa vidole: taka-ta ta. Halafu taka-ta ta ta. Halafu taka-ta ta ta ta, kisha rudi ukipunguza. Usibadilishe spidi, badilisha idadi tu. Fanya dakika tano na utaanza kusikia kitu cha ajabu, mkono unafanya kazi ileile lakini pigo zito linahama lenyewe, mara liko hapa mara limesogea kule. Aliyewahi kupiga tari kwenye maulidi atashika haraka kuliko mtu aliyesoma piano miaka miwili, naamini hivyo. Ukishalisikia hilo umepata karibu nusu ya muziki wake wa mwanzo.

Hapo nenda kwenye filamu, na anza na Koyaanisqatsi ya 1982 ya Godfrey Reggio. Hamna mazungumzo, hamna msimuliaji, ni picha na muziki kama saa moja na nusu hivi. Jina ni la lugha ya Wahopi, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, maana yake maisha yaliyopoteza mizani. Tafadhali vaa heafoni, ile sauti nzito ya mwanaume inayoimba jina la filamu mwanzoni iko chini mno na spika ya simu haiwezi kuibeba, ukiisikilizia kwenye spika ya simu utadhani hamna kitu pale. Na kama bando ni la mawazo, pakua usiku.

Angalia mara moja yote. Kesho yake rudi kwenye kipande cha mjini, magari usiku yamekuwa mistari ya mwanga, watu wanapanda ngazi za umeme, viwanda vinatema bidhaa, lakini safari hii igeuze simu kifudifudi usikilize tu. Usisubiri wimbo ufike mahali. Chagua sauti moja, mfano kinanda, ushikane nayo, na kila inapoongezeka noti au kodi (zile noti kadhaa zinazopigwa pamoja) inapogeuka inua kidole. Mwanzoni utainua mara chache, ukirudia utajikuta unainua mara nyingi, na muziki ni uleule. Mjomba wangu ambaye zamani alipiga besi kwenye kikundi cha tarabu nilimpa heafoni pale kibarazani baada ya isha, akakaa kimya muda mrefu halafu akasema, "Huyu anajua kungoja." Sijasikia maelezo mazuri zaidi ya hayo.

Baada ya hapo kuna daraja zuri sana la kutoka kwenye filamu kwenda kwenye muziki wa ukumbini. Filamu ya Mishima ya 1985, inayomhusu mwandishi wa Kijapani wa jina hilo, ina sehemu za kumbukumbu, picha nyeusi na nyeupe, ambazo Glass aliziwekea fidla mbili, viola na selo tu, na muziki huohuo ndo akautoa ukawa kwateti yake ya tatu, yaani muziki wa vyombo hivyo vinne peke yake. Kwa hiyo unaweza kusikia kitu kimoja kikiwa kinamtumikia mtu mwingine, halafu kikiwa kimesimama kwa miguu yake. The Hours ya 2002 nayo itafute, wanawake watatu wa nyakati tatu tofauti na muziki mmoja unaowashona pamoja.

Ukifika hapo uko tayari kwa konseti ya fidla ya 1987, yaani fidla moja inaongoza na orkesta iko nyuma yake. Alitaka kuandika kitu ambacho marehemu baba yake, yule wa duka la santuri, angekipenda. Ina sehemu tatu na mimi nakuomba uanze na ya pili, ile ya polepole. Besi inashuka ngazi, inarudi juu, inashuka tena, na fidla inaingia taratibu kama mtu anayekaa pembeni ya msiba bila kusema. Nenda nayo Raskazone jioni maji yakiwa yanajaa, kaa, funga macho.

Opera yake, yaani mchezo wa jukwaani wa kuimbwa, iitwayo Einstein on the Beach iache kwanza, ni karibu saa tano bila mapumziko na watazamaji wanaruhusiwa kutoka na kurudi, kama usiku wa ngoma tu. Ila opera nyingine, Satyagraha ya 1980, usiikose, inamhusu Gandhi akiwa Afrika Kusini na inaimbwa yote kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Ukiwa huna muda ruka mpaka mwisho kabisa, Gandhi amebaki anaimba ngazi moja ya sauti inayopanda, ikifika juu anaanza tena chini. Hesabu ni mara ngapi, na sikiliza orkesta inavyobadilika chini yake kila anapoanza upya.