Somo: Kusafiri nje ya nchi na miwani au lenzi za macho

Assalamu alaykum, ndugu wanachama.

Wanachama kadhaa wanaojiandaa kwenda Umra, Muscat na Uingereza wameniomba niandike juu ya jambo hili. Naliandika kwa moyo wote, kwani miwani yangu ilivunjika Mina katikati ya msongamano, nami sikuwa na nyingine wala karatasi ya vipimo, hata nikashikwa mkono na dada yangu siku mbili nzima kwa kushindwa kusoma namba ya hema letu.

Hatua ya kwanza ni karatasi. Pima macho mwezi mmoja kabla ya safari, kisha uombe uandikiwe namba ya kila jicho pamoja na alama yake ya kujumlisha au kutoa, silinda (namba ya kurekebisha jicho ambalo mviringo wake wa mbele hauko sawa pande zote) na nyuzi zake, yaani mwelekeo wake, ikiwa unayo, na umbali baina ya mboni mbili kwa milimita, ambao mara nyingi hauandikwi mpaka uuombe. Ipige picha kwa simu. Anayevaa lenzi achukue karatasi ya pili, kwa sababu miwani hukaa kiasi cha milimita 12 mbele ya jicho ilhali lenzi hulala juu ya jicho lenyewe, kwa hiyo namba zake huweza kutofautiana, na tena lenzi ina vipimo vyake vya mviringo na upana.

Hatua ya pili ni miwani ya akiba, hata ikiwa ya zamani, ndani ya kasha gumu na katika begi la mkononi, si katika sanduku linalopakiwa chini ya ndege. Mvaaji wa lenzi naye hasafiri bila miwani.

Hatua ya tatu ni dawa ya kuoshea lenzi. Viwanja vingi vya ndege huruhusu chupa isiyozidi mililita 100 katika begi la mkononi, basi nunua chupa ndogo iliyofungwa kiwandani. Usimimine dawa katika kichupa kingine, kwani hapo usalama wake umeshaharibika. Safari ikiwa fupi, lenzi za siku moja ndizo bora kwa maoni yangu, kwa kuwa huvaliwa asubuhi na kutupwa usiku. Ndani ya ndege hewa ni kavu sana, kwa hiyo vua lenzi kabla ya kuondoka na usilale nazo kamwe.

Hatua ya nne ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote: lenzi na maji havikutani. Maji ya bomba, ya kisima na ya bahari yanaweza kuwa na kijidudu kiitwacho Acanthamoeba, ambacho hujishika kwenye lenzi, huingia katika konea, yaani kioo angavu cha mbele ya jicho, na huweza kuondoa uoni. Nawa mikono kwa sabuni, ikaushe kabisa, ndipo uishike lenzi. Kikebe chake nacho husuuzwa kwa dawa, wala dawa ya jana haiongezewi ya leo; humwagwa yote.

Kuhusu miwani, vumbi lioshwe kwanza kwa maji na sabuni, kwani kuifuta kavu kwa ncha ya kanga huikwaruza.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Wete: Je, naweza kusuuza lenzi kwa maji ya Zamzam, maana ni safi na yana baraka?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Yanywe kwa nia njema, lakini twahara ni jambo moja na kutokuwa na vijidudu ni jambo jingine. Lenzi husuuzwa kwa dawa yake tu.

Mwanachama wa Mwanakwerekwe: Natawadha mara tano kwa siku. Nizivue kila mara?

Jibu: Si lazima, kwa kuwa ndani ya jicho si sehemu ya kuoshwa katika udhu. Fumba macho vizuri unapoosha uso, kisha ujifute kabla ya kuyafumbua. Wakati wa kuoga, zivue.

Mwanachama wa Chake Chake: Jicho likiwa jekundu nikiwa ugenini nifanyeje?

Jibu: Vua lenzi papo hapo, vaa miwani, na ukiona maumivu, ukungu au kuchukia mwanga, mwone daktari wa macho siku hiyo hiyo. Usitumie dawa ya matone ya mwenzako. Lenzi yenyewe usiitupe; iweke katika kikebe umpelekee daktari, kwani huenda akataka ipimwe.