Kukauka si kuiva: nyama ya vitafunwa vya mbwa ipate joto kabla ya kuingia kwenye kikaushio

Kuchagua mnofu, kunoa kisu na kuosha mikono ni mambo ambayo kila anayejitengenezea vitafunwa vya mbwa anayajua, kwa hiyo sitayarudia. Ninaandika kwa ajili ya kosa moja ambalo halikomi. Watu wanakata nyama mbichi, wanaipanga kwenye trei, wanaiingiza kwenye kikaushio, yaani mashine inayokausha chakula kwa hewa ya joto, kilichowekwa nyuzijoto 55 au 60 za sentigredi, na baada ya saa kadhaa wanatoa vipande vikavu, vigumu, vyenye harufu nzuri. Wanaamini kazi imekwisha. Haijakwisha. Nyama imepoteza maji, lakini bakteria waliokuwemo wanaweza kuwa hai bado, na mara nyingi anayemlisha mbwa kipande hicho ni mtoto.

Namba inayosomeka kwenye kikaushio ni joto la hewa, si joto la nyama. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Maji yanapotoka kwenye nyama yakawa mvuke, huondoka na joto. Kwa muda wote ambao kipande kina unyevu, hubaki baridi kuliko hewa inayokizunguka, kama vile mtu aliyelowa jasho anavyosikia ubaridi upepo ukimpiga hata jua likiwa kali. Hewa ikiwa nyuzijoto 60, nyama yenyewe inaweza kukaa saa nyingi chini ya kiwango hicho, katika joto lile lile ambalo bakteria huzaliana. Salmonella na E. coli wakipata joto linalowafaa hugawanyika kila baada ya dakika 20 hadi 30. Hesabu mwenyewe ni vizazi vingapi hivyo kabla kipande hakijaanza kukauka.

Kuna baya kuliko hilo. Kadiri nyama inavyopungukiwa maji, bakteria waliosalia huzidi kustahimili joto. Joto ambalo lingewaua kwenye nyama yenye maji haliwatoshi tena wakiwa kwenye nyama iliyokauka. Kwa hiyo, nyama inapofikia joto la hewa ya kikaushio mwishoni, nafasi ya kuwaua imeshapita. Ndiyo maana siwakubalii wanaosema, “Mimi yangu huiacha usiku kucha.” Kuongeza saa katika joto dogo hakuponyi kitu. Mwaka 1995 katika jimbo la New Mexico, Marekani, watu zaidi ya 90 waliugua kwa Salmonella iliyotokana na nyama kavu ya ng’ombe. Nyama hiyo ilikuwa imekaushwa na kuuzwa kama chakula cha binadamu.

Yetu ya mbwa iko katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu tumeiondolea chumvi. Nyama kavu ya watu hupakwa chumvi nyingi, na chumvi hiyo husaidia kuwabana bakteria na ukungu. Mbwa hatakiwi kupewa chumvi ya kiasi hicho, na ni sawa kabisa kuiacha, lakini ukiiacha ujue umeondoa kinga moja. Kinachobaki kukulinda ni joto na ukavu. Kwa hiyo usichukue maelekezo ya nyama kavu ya watu ukafuta neno “chumvi” ukadhani yaliyobaki yanatosha. Na kama yana kitunguu maji au kitunguu saumu, hata cha unga, acha: vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa.

Sasa vipimo, na hapa naomba usome polepole.

Nyama ya ng’ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe au sungura ifikie nyuzijoto 71 katikati ya kipande. Kuku, bata mzinga na ndege wengine wote ifikie 74. Ifikie kiwango hicho ikiwa bado na maji yake, yaani kabla ya kukaushwa. Nyama ya kusaga ina hatari zaidi, kwa kuwa bakteria waliokuwa juu ya pande la nyama wamechanganywa hadi ndani. Usiikaushe kamwe bila kuipika.

Unene wa kipande usizidi milimita 6. Mimi napendelea 5. Si suala la umbo. Kipande cha milimita 10 hukauka juu na kubaki kibichi ndani, na muda wote nitakaoutaja hapa chini hautakihusu. Nyama laini haikatiki kwa usawa, hivyo iweke kwenye friza saa 1 hadi 2, iwe ngumu bila kuganda kabisa, ndipo ukate. Ukikata kwa kufuata nyuzinyuzi za nyama utapata kipande kigumu cha kutafuna. Ukikata kinyume chake kitameguka kwa urahisi, na hicho ndicho kinachomfaa mbwa mdogo au mzee. Mafuta yanayoonekana yaondoe yote. Mafuta hayakauki, yanachacha.

Njia nyepesi ya kupata joto ni maji yanayochemka. Chemsha maji matupu kwenye sufuria pana, tia vipande vichache vichache ili maji yasipoe, subiri yachemke tena, kisha hesabu dakika 5. Saa ianze pale maji yanapochemka upya, si pale unapotumbukiza nyama. Nimeshaona watu wakihesabu tangu nyama inapogusa maji, sufuria imejaa hadi pomoni na maji yametulia kimya. Hizo si dakika 5, ni kuosha nyama kwa maji ya moto. Mwenye oveni anaweza kupanga vipande kwenye trei ndani ya nyuzijoto 165 hadi katikati pafikie 71 au 74. Utakayoichagua, thibitisha kwa kipimajoto.

Kipimajoto ndicho kifaa ambacho watu hukataa kununua, halafu wananunua kikaushio cha bei. Ningependa iwe kinyume. Kidole hakipimi, rangi haipimi. Nyama inaweza kugeuka kijivu kabla haijafika 71. Tumia cha kidijitali chenye ncha nyembamba, kwa sababu vile vyenye uso wa saa husoma joto kwenye sehemu ndefu ya sindano na havifai kwa kipande chembamba. Chagua kipande kinene kuliko vyote na uingize ncha kwa ubavuni, ikifuata urefu wa kipande, isije ikatokeza upande wa pili ukapima maji au trei. Pima vipande vitatu au vinne, si kimoja. Na kipimajoto chenyewe kikague: kwenye maji yaliyojaa barafu iliyopondwa kisome 0.

Wanaoishi nyanda za juu huniuliza kama maji yao yanatosha, kwa kuwa huchemka kabla ya 100. Kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka hushuka kwa takriban nyuzijoto 1. Kwenye mita 1,500 maji huchemka karibu na 95, ambayo bado iko juu sana ya 74. Yanatosha, lakini usipunguze zile dakika 5.

Chuja nyama, ifute maji ya juu, na uipeleke kwenye kikaushio ikiwa bado moto. Usiipike asubuhi ukaiacha mezani mpaka jioni. Kikaushio kiwe kimewashwa dakika 15 hadi 20 kabla, na joto liwe kati ya 54 na 60. Vipande visigusane wala kupandana. Supu iliyobaki haina chumvi wala kiungo, kwa hiyo ikipoa mwekee mbwa kidogo kwenye chakula chake; sehemu ya utamu wa nyama imo humo.

Kuna wenye haraka ambao, wakishasikia habari za joto, hupandisha kikaushio au oveni hadi 90 ili “kuua kila kitu”. Hilo nalo ni kosa. Uso wa kipande hukauka upesi ukawa kama gamba, unyevu ukafungiwa ndani, na wiki inayofuata unakuta ukungu. Kazi ya kuua imeshafanywa na maji yanayochemka. Kikaushio kina kazi ya kutoa maji tu, na kinaifanya vizuri kikienda taratibu.

Anza kukagua baada ya saa 3, kisha kila baada ya dakika 30, kwa sababu vipande vilivyopikwa hukauka mapema kuliko vibichi na unene haulingani. Toa kimoja, kiache kipoe, halafu kikunje: kikifanya ufa bila kukatika na kisitoe unyevu ukikibana, kiko tayari.

Kama leo hii umeshakausha nyama mbichi na unaisoma makala hii trei zikiwa mbele yako, ipo njia ya kuokoa. Washa oveni hadi 135, iache ifikie joto hilo kweli, panga vipande visivyozidi milimita 6 bila kugusana, na uviweke humo dakika 10 kamili. Joto hilo ni kubwa kiasi cha kuwamaliza hata bakteria waliozoea ukavu. Fanya hivyo mara tu vinapotoka kwenye kikaushio. Nyama iliyokaushwa mbichi na kukaa kabatini wiki mbili usijaribu kuiokoa. Itupe, tena mahali ambapo mbwa hawezi kuifikia.

Kukausha juani sikushauri hata kidogo kwa vitafunwa hivi. Jua halikupi joto unaloweza kulidhibiti, usiku unyevu hurudi, na nzi hawangoji ruhusa.

Najua pingamizi litakalofuata, maana nalisikia kila mara: mbwa ana tumbo gumu, hula hata mizoga. Ni kweli mbwa wengi wazima humeza Salmonella bila kuonyesha dalili yoyote. Lakini huitoa kwenye kinyesi, na inaweza kubaki mdomoni na kwenye manyoya. Anayeugua ni mtoto wa chini ya miaka 5 aliyelambwa mkono, mama mjamzito, bibi au babu. Na mbwa wenyewe si wote wagumu. Watoto wa mbwa, majike wenye mimba na mbwa wazee hutapika, huharisha damu, na wengine hufa. Kwa hiyo hata baada ya kupika, aliyeshika vitafunwa anawe mikono kwa sabuni. Trei, ubao na koleo vilivyogusa nyama mbichi visiguse iliyopikwa kabla ya kuoshwa. Hapa ndipo kazi nzuri ya sufuria inapoharibiwa kwa dakika moja.

Neno kuhusu ini na mapafu, kwa kuwa mbwa huyapenda na hupatikana kirahisi mnyama anapochinjwa. Ukiona ndani yake vifuko vyenye maji, kiungo hicho hakifai kwa vitafunwa. Vifuko hivyo vinaweza kuwa vya mnyoo mdogo wa aina ya tegu aitwaye Echinococcus. Mbwa akivila vibichi, tegu hukomaa tumboni mwake na mayai hutoka kwenye kinyesi. Mtu akiyameza, vifuko kama hivyo humea kwenye ini au mapafu yake na huweza kuhitaji upasuaji. Kichome kiungo hicho au ukifukie chini sana, mbwa asikifukue. Ini zima na safi nalo lipite kwenye maji yanayochemka kama nyama nyingine, na lisitolewe kila siku, kwani vitamini A iliyomo hujikusanya mwilini.

Kiasi nacho kinawaponyoka wengi. Takriban robo tatu ya mnofu mbichi ni maji, hivyo kipande chepesi kilichokauka ni nyama nyingi kuliko kinavyoonekana. Vitafunwa vyote kwa pamoja visizidi asilimia 10 ya kalori za siku. Mbwa mzima wa kilo 10 anayeishi maisha ya utulivu hutumia kalori kama 500 hadi 600. Asilimia 10 ya hizo ni 50 hadi 60, na kwa kuwa mnofu mkavu una kalori 3 hadi 4 kwa gramu, haki yake ni gramu 15 hivi. Pima kwa mizani mara ya kwanza. Utashangaa jinsi gramu 15 zilivyo chache.

Vipande vipoe kabisa kabla ya kufungwa. Vikifungwa vya moto hutoa jasho ndani ya chombo. Friji yenye nyuzijoto 4 au chini ya hapo huvitunza wiki 2, friza ya 18 chini ya sifuri miezi 6. Andika tarehe juu ya kila pakiti. Ukungu ukionekana kwenye kipande kimoja, pakiti nzima iende, usikwangue.

Na ukitoa vitafunwa vipya, weka vipande viwili kwenye mfuko wake ndani ya friza na usiviguse mpaka pakiti iishe. Mbwa akianza kutapika au kuharisha, acha kumpa mara moja, mpeleke kwa daktari wa mifugo, na ubebe mfuko huo. Daktari akihitaji kupima, ana cha kupima.