Jinsi ya kuomba klabu ya Interact shuleni kwako, kuanzia kikao cha kwanza hadi cheti

Walimu wengi wanaonipigia simu kuhusu Interact huanza na swali moja: fomu inapatikana wapi? Ipo kwenye tovuti ya Rotary, inapakuliwa bure, na ukiwa na taarifa zote mkononi haimalizi saa nzima kuijaza. Lakini nimeona klabu mbili zikifa huku cheti kikiwa kimetundikwa ukutani mwa ofisi ya walimu. Zilijaza fomu kabla ya kupata watu. Kwa hiyo mwongozo huu unaiweka fomu karibu na mwisho, mahali pake.

Kwa asiyeifahamu, Interact ni klabu ya huduma kwa jamii ya vijana wa miaka 12 hadi 18, inayolelewa na klabu ya Rotary ya watu wazima. Rotary yenyewe, mtandao wa kimataifa wa klabu za watu wazima wanaojitolea kuhudumia jamii, ilianza Chicago tarehe 23 Februari 1905, pale mwanasheria Paul Harris alipokutana na wenzake watatu. Nairobi ilipata klabu yake mwaka 1930 na Dar es Salaam mwaka 1949. Interact ya kwanza iliundwa mwaka 1962 na wanafunzi wa Melbourne High School, katika jimbo la Florida nchini Marekani. Inaweza kuwa ya shule au ya mtaa. Hapa nazungumzia ya shule, na mifano yangu ni ya Tanzania. Ukiwa Kenya, hatua ni zile zile, ila kalenda ya mitihani na majina ya ofisi vitatofautiana.

Jambo moja liwekwe wazi mapema, kwa wanafunzi na kwa wazazi: Interact si mfuko wa fedha. Klabu ya Rotary haiji kulipa karo wala kuleta kompyuta. Inakuja kuwafundisha vijana kuona tatizo, kulipanga, kulitatua na kutoa hesabu. Shule inayoingia ikisubiri msaada huchoka kabla mwaka haujaisha.

Hatua ya kwanza: wanafunzi

Anza na wanafunzi wanaotaka wenyewe. Usiwateue viranja wote ukadhani umepata klabu, maana kiranja ana majukumu yake na atakosa kila kikao cha pili. Tangaza mstarini, eleza kwa dakika tano, kisha subiri waje. Kumi na wawili wanatosha kuanza, na wasiozidi ishirini na watano ni rahisi kuwalea kwa mwaka wa kwanza.

Hapa kuna hesabu inayowaponyoka wengi. Mwaka wa Rotary unaanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni, wakati mwaka wetu wa shule unaanza Januari. Ukimchagua mwenyekiti aliye kidato cha nne, miezi michache baadaye yuko kwenye mtihani wa taifa, kisha anaondoka kabisa na daftari la klabu likiwa begini mwake. Kidato cha pili nao wana mtihani wao wa taifa mwishoni mwa mwaka. Mimi hupendekeza uongozi ushikwe na kidato cha tatu kuanzia Julai. Watakuwa na muhula mzima bila mtihani wa taifa, na Juni inayofuata, wakiwa kidato cha nne, watakabidhi na kurudi kwenye vitabu. Wa kidato cha kwanza na cha pili wawe makamu na wasaidizi ili wajifunze kabla zamu yao haijafika.

Kwa shule zenye kidato cha tano na sita, angalia umri. Wengi wao wameshavuka miaka 18, na hao njia yao ni Rotaract, klabu za Rotary za vijana wa kuanzia miaka 18, si Interact.

Hatua ya pili: mwalimu mlezi na ruhusa ya mkuu wa shule

Mlezi awe mwalimu anayekaa shuleni, asiyetarajia uhamisho kesho kutwa, na ikiwezekana wawe wawili, mwanamke na mwanamume. Kisha andika barua fupi kwa mkuu wa shule ukieleza klabu ni nini, itakutana lini, nani atasimamia na kwamba haitagusa vipindi. Omba jibu la maandishi lenye muhuri. Ruhusa ya mdomo hupotea siku mkuu anapohamishwa, na mkuu mpya ana haki ya kuuliza kikundi hiki kimetoka wapi.

Fungua faili siku hiyo hiyo. Weka barua ya ruhusa, orodha ya wanafunzi na mihtasari ya vikao. Muhtasari usiwe wa kurasa nne. Tarehe, waliohudhuria, walichoamua na nani atafanya nini, basi.

Hatua ya tatu: kupata klabu ya Rotary itakayowadhamini

Hii ndiyo hatua ngumu, na ndiyo inayoamua kila kitu. Hakuna Interact bila klabu mdhamini.

Ingia rotary.org, tafuta sehemu ya kutafuta klabu, andika jina la mji wako. Utaona klabu zilizo karibu, siku na mahali zinapokutana. Nyingi hukutana kila wiki, mara nyingi hotelini, na hupokea wageni. Wakati huo huo andika namba ya distrikti ya Rotary, utaihitaji baadaye. Usiichanganye na wilaya ya serikali: distrikti ya Rotary inaweza kuchukua nchi kadhaa. Kenya, kwa mfano, iko distrikti 9212 pamoja na Ethiopia, Eritrea na Sudan Kusini.

Chagua klabu iliyo karibu kuliko klabu yenye jina kubwa. Mdhamini aliye umbali wa saa tano kwa basi atakuja siku ya uzinduzi, atapiga picha, na hamtamwona tena.

Barua yangu ya kwanza, miaka hiyo, iliomba vitabu, mipira na tanki la maji. Haikujibiwa. Ya pili haikuomba kitu ila ulezi, na ilieleza kazi ambayo wanafunzi walikuwa wameshaifanya. Tuliitwa ndani ya wiki mbili. Kwa hiyo kabla ya kuandika, fanyeni kazi moja ndogo kwa nguvu zenu. Barua ifuate mfano huu:

Rais,
Klabu ya Rotary ya (mji).

K.K.: Mkuu wa Shule

YAH: OMBI LA KUDHAMINIWA KUANZISHA KLABU YA INTERACT

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wanafunzi 18 wa kidato cha kwanza hadi cha tatu. Tangu Februari tunakutana kila Jumatano saa tisa alasiri tukiwa na walimu walezi wawili. Tumetengeneza vibuyu chirizi sita vya kunawia mikono kwenye vyoo vya shule ya msingi jirani, na kila wiki wawili wetu huenda kuhakikisha vina maji na sabuni.

Tunaomba klabu yenu iwe mdhamini wetu. Tunachohitaji hasa ni mwanachama wenu atakayetutembelea angalau mara moja kwa mwezi na kutuongoza katika kuendesha vikao na kupanga miradi. Tunaomba pia nafasi ya dakika kumi katika mkutano wenu, siku mtakayotupangia, tuje kujieleza.

Tumeambatanisha barua ya ruhusa ya mkuu wa shule na orodha ya wanachama.

Wako katika kujenga vijana,
(jina, saini, nafasi)

Barua ipite kwa mkuu wa shule na ipigwe muhuri. Ipeleke kwa mkono kama inawezekana, na nakala uitume kwa barua pepe. Mkiitwa, wapeleke wanafunzi wawili au watatu wazungumze wenyewe. Mwalimu akae nyuma. Nimeona mkutano mzima wa watu wazima ukinyamaza kumsikiliza binti wa kidato cha pili akieleza kwa nini kibuyu kimoja kilihamishwa kutoka kwenye jua.

Wakikubali, omba mambo mawili yaandikwe: jina la mwanachama wa Rotary atakayekuwa kiungo, na siku ya kila mwezi atakayofika.

Hatua ya nne: usalama wa watoto

Wengine huona hapa ni pa kusaini tu na kusonga mbele. Nakuomba usifanye hivyo. Unawaunganisha watoto na watu wazima wasiowajua, na kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto.

Kila mwanafunzi alete ridhaa ya mzazi au mlezi wake, imesainiwa, yenye namba ya simu inayopatikana. Ridhaa itaje shughuli za nje ya shule na itaje picha kando, kwa sababu mzazi anaweza kukubali mtoto apande miti lakini asitake sura yake mtandaoni. Heshimu hilo.

Kusiwe na shughuli ya klabu bila mtu mzima anayewajibika. Kusiwe na mtu mzima anayebaki peke yake na mwanafunzi mmoja, ndani ya gari wala ofisini. Mawasiliano yapitie kwa mwalimu mlezi au kundi la simu ambamo walimu walezi wamo.

Rotary ina sera yake ya ulinzi wa vijana, na klabu mdhamini inapaswa kuwaeleza. Moja ya masharti ni kwamba tuhuma yoyote ya udhalilishaji ifikishwe Rotary International ndani ya saa 72. Hilo haliondoi wajibu wa kwanza, ambao ni kuripoti kwa vyombo vya nchi: dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, au afisa ustawi wa jamii. Wafundishe pia wanafunzi namba 116, ya simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Waiandike ndani ya jalada la daftari.

Hatua ya tano: katiba na viongozi

Rotary ina katiba ya mfano kwa klabu zote za Interact, hamna haja ya kutunga yenu. Mnachotunga ni kanuni ndogo: siku ya kukutana, namna ya kupiga kura, nini kinatokea mtu akikosa vikao vitatu. Chagueni rais, makamu, katibu na mhazini kwa kura ya siri. Mkiamua kuchangishana, kiwe kiasi ambacho mwanafunzi wa hali ya chini kabisa anakimudu, na mhazini asome mapato na matumizi kila mwezi mbele ya wote.

Hatua ya sita: fomu

Sasa fomu. Pakua fomu ya usajili wa klabu ya Interact kutoka rotary.org. Andaa jina la klabu, aina yake (ya shule), jina la klabu ya Rotary inayodhamini, namba ya distrikti, na jina kamili na barua pepe ya mlezi. Jina la klabu liandikwe vile vile kila mahali. Msiandike jina kamili la shule kwenye fomu na kifupi chake kwenye barua. Barua pepe ya mlezi iwe ile anayoifungua kila siku, maana taarifa zote zitapita hapo. Mtu wa steshenari asiweke yake "kwa kusaidia".

Rais wa klabu mdhamini lazima asaini, hivyo mpelekee mapema, si siku anayosafiri. Skani kwa mwanga mzuri, tunza nakala kwenye faili, kisha klabu mdhamini iitume kama fomu inavyoelekeza na kuijulisha ofisi ya gavana wa distrikti, yaani kiongozi wa Rotary katika distrikti hiyo. Ukipita muda bila jibu, anayefuatilia ni klabu mdhamini. Fomu haiuzwi. Mtu akidai pesa ya fomu au ya "kuharakisha cheti", mpigie simu rais wa klabu mdhamini kabla hujatoa chochote.

Baada ya cheti

Kila klabu inatakiwa kufanya angalau miradi miwili kwa mwaka: mmoja wa kuhudumia shule au jamii, na mmoja wa kujenga uelewano kati ya mataifa. Wa kwanza haujawahi kuwa tatizo kwetu. Wa pili huwatisha walimu, wakidhani unahitaji ndege. Tafuteni klabu ya Interact ya Kampala au Mombasa kupitia mdhamini wenu, mkubaliane kazi moja, kwa mfano kila klabu ipande miche hamsini na kuipima kila mwezi, kisha mzungumze kwa video kulinganisha mingapi imepona na kwa nini. Wiki ya Interact duniani huangukia siku zenye tarehe 5 Novemba, ambayo kwetu ni msimu wa mitihani, kwa hiyo iwe ya kidato cha kwanza na cha tatu, na iwe ndogo.

Muulizeni mdhamini kuhusu RYLA, mafunzo ya uongozi kwa vijana yanayoandaliwa na Rotary. Nafasi huwa chache, basi kubalianeni mapema vigezo vya kumchagua atakayekwenda, na anayerudi afundishe wenzake vikao viwili. Wanaomaliza shule muwaelekeze Rotaract iliyo karibu na chuo au mtaa wao. Tangu tarehe 1 Julai 2020 Rotaract haina tena ukomo wa juu wa umri wa miaka 30.

Kila mwaka, kabla ya tarehe 30 Juni, hakikisheni taarifa za mlezi zilizo Rotary ni sahihi. Mlezi akihama na jina lake likabaki, barua zinaendelea kwenda kwake na klabu inaonekana haipo. Siku hiyo hiyo fanyeni makabidhiano: faili, daftari la fedha, ridhaa za wazazi, namba ya mdhamini. Viongozi wa zamani na wapya wasaini, mkuu wa shule ashuhudie, na faili lirudi kabatini shuleni, si nyumbani kwa mtu.

Januari, kidato cha kwanza wanapoingia, subirini wiki tatu wazoee kengele na bweni, kisha mtangaze tena mstarini.