Ukitaka kumsoma Colm Tóibín, msikilize anayepiga hodi

Anza na Brooklyn, riwaya ya 2009 ya mwandishi huyu wa Ayalandi. Nasema hivi kwa sababu mimi nilianzia pengine nikapotea. Maktabani nilikuta The Master, cha 2004, kinachosimulia maisha ya mwandishi Henry James, nikakichukua kwa kuwa ndicho kilichokuwepo. Kurasa sitini hivi nikakirudisha. Kitabu ni kizuri sana, sasa najua, lakini kinataka msomaji aliyekwisha kuzoea sauti ya mwandishi huyu, na mimi nilikuwa mgeni.

Jina lake hutamkwa Kolam Tobiin, mkazo ukiangukia mwishoni. Alizaliwa 1955 Enniscorthy, mji mdogo wa ukingoni mwa mto Slaney, kusini mashariki mwa Ayalandi. Mimi ni mtu wa Tanga, ila kazi yangu iko Wexford, katika nyumba ya kutunzia wazee, na treni inayotoka hapa kwenda Dublin hupita kando ya mto huohuo na kusimama mjini kwao. Vitabu vyake nimevisoma zamu za usiku, wazee wakiwa wamelala.

Kiingereza chake kisikutishe. Sentensi zake ni fupi na maneno yake ni ya nyumbani. Aliyemaliza sekondari atafika mwisho bila kuhangaika na kamusi. Kazi iko kwingine: watu wake hawasemi yaliyo moyoni. Kwa hiyo kaa na penseli. Kila mtu anapotaka kusema jambo akalimeza, weka alama pembeni. Usipigie mistari maneno mazuri, kwani hayo si mengi na siyo yanayobeba hadithi.

Katika Brooklyn, Eilis Lacey, msichana wa miaka ya 1950 anayekaa mtaa wa Friary, anapata kazi ya Jumapili tu katika duka la vyakula la mwanamke mkali. (Jina Eilis lisome Ailish.) Padri aliyekuja kutoka Marekani anawatembelea nyumbani, na kabla chai haijapoa safari ya Eilis imekwisha kupangwa, yeye mwenyewe hajaulizwa sawasawa. Hapo ndipo alama yako ya kwanza. Ya pili iko mbele kidogo: jirani anaulizia safari, na mama, ambaye siku zote amejikaza, anajibu kwamba binti huyu akiondoka yeye atakufa. Jirani anapigwa na butwaa. Mama anainuka, anatoka chumbani taratibu, na Eilis anaona wazi kwamba anakwenda kulia. Basi. Mwandishi haongezi neno, na mama na mwana hawalizungumzi tena. Niliposoma hapo nilikiweka kitabu mapajani. Mimi pia nilisindikizwa na mama aliyenihimiza niangalie nisisahau sweta, na siku ile nilidhani kweli ni habari ya sweta.

Msomaji wetu ana faida moja ndogo: Ayalandi walihesabu fedha kwa shilingi hadi 1971, kwa hiyo hesabu za dukani na za mshahara hazitakuwa ngeni kwako. Zifuate. Tóibín anataka ujue kila senti inakotoka, maana ndizo zinazoamua nani aondoke na nani abaki na mama.

Ukimaliza, filamu ya Brooklyn ya 2015 iache kwanza. Chukua Nora Webster, ya 2014. Kwangu hiki ndicho kitabu chake kikubwa kuliko vyote, na ndicho kilicho karibu zaidi na maisha yake: baba yake alikuwa mwalimu, akafa Colm akiwa na miaka 12, akabaki mama na watoto. Nora ni mjane wa mwalimu. Hadithi inaanzia pale msiba umekwisha, na jioni baada ya jioni watu bado wanakuja kumpa pole. Sisi tunajua matanga yana siku zake na kuna kuanua. Nora hana mpaka huo. Amechoka, lakini hodi ikipigwa atafungua, kwa kuwa ndiyo adabu ya mji. Na mmoja wa wanaokuja ni mama yake Eilis! Anaketi, anasimulia habari za binti yake, na wewe uliyetoka Brooklyn unajua mengi ambayo Nora hayajui. Ndiyo sababu nimekupangia vitabu hivi kwa utaratibu huu.

Kurasa hizo nilimsomea bibi mmoja wa hapa kazini, mzaliwa wa pande hizi. Nilipofika kwenye kuchoka kwa Nora aliinua kidole nisimame. Alitazama mlango wa chumba chake kwa muda, kisha akaniashiria niendelee. Sikumuuliza kitu.

Ukiwa na Nora, penseli iwe kwa wanawe wawili wadogo wa kiume. Wakati baba akiuguzwa waliachwa kwa shangazi wa mama yao, na mama hakwenda kuwaona. Mkubwa amerudi na kigugumizi. Hawalaumu, hawaulizi. Usipite haraka mahali Nora anapokwenda kwa yule shangazi kutaka kujua kilichotokea. Nimerudia kurasa hizo mara nyingi kuliko nyingine yoyote, na kila mara namwona Nora akiwa na hatia zaidi, tena namhurumia zaidi.

Hatua ya tatu ni pwani. Karibu na kijiji cha Blackwater kuna mahali paitwapo Cush, ambapo genge la udongo laini linaliwa na bahari. Nora ana nyumba huko na anaiuza. Katika The Heather Blazing, ya 1992, jaji mmoja huenda huko kila kiangazi na kuona nyumba za majirani zikimegukia majini. Katika The Blackwater Lightship, ya 1999, rafiki anafika kwa Helen kumwambia kwamba kaka yake Declan yuko hospitali na ana UKIMWI. Bibi, mama na binti wasioelewana wanalazimika kukaa nyumba moja ya genge hilo kumuuguza. Nilikwenda kusimama pale siku ya upepo. Udongo ni mwekundu-kahawia, ukiugusa unapukutika, na chini yake ukanda wa mchanga ni mwembamba. Tangu hapo ninapoisoma Cush najua kwa nini wahusika wake husema polepole.

The Magician, kuhusu mwandishi Mjerumani Thomas Mann, na The Testament of Mary, ambamo mama wa Yesu anasimulia msiba wake kwa sauti isiyo ya kanisani, viweke pamoja na The Master kwa baadaye.

Long Island, ya 2024, iwe ya mwisho, na kabla yake pumzika wiki mbili tatu. Ni 1976, Eilis yuko Marekani, ameolewa na fundi bomba, nyumba za wakwe zimemzunguka pande zote. Mama mkwe anamwambia kuna mwanamume wa Kiayalandi alikuja kumwulizia. Mwanamume huyo anarudi. Anasema mke wake ana mimba ya mumewe Eilis, na mtoto akizaliwa atakuja kumtua mlangoni hapa. Soma mahali hapo mara mbili kabla ya kugeuza ukurasa. Mara ya kwanza utamsikiliza huyo mgeni anavyotisha. Mara ya pili mtazame Eilis aliyesimama mbele yake, maneno machache, uso umetulia, na uweke alama zako upande wake.